Kwa nini simu yako haikuletei Sikinde

Mama ntilie anayekujua hakuulizi. Ukishakaa kwenye benchi, wali maharage umefika, na hutajua kwamba siku hiyo kulikuwa na ndizi nyama. Programu za muziki zinakuhudumia vivyo hivyo, ila mama ntilie angalau ameonja kila alichopika. Programu haichagui kwa kuonja. Inachagua kwa kuangalia umati.

Tuseme Dar kuna wasikilizaji 1,000. Kati yao 600 wamesikiliza wimbo fulani mpya wa Bongo Fleva, na 400 kati ya hao wamesikiliza pia wimbo fulani wa amapiano. Wewe ukisikiliza ule wa kwanza, unaletewa huu wa pili. Sasa chukua wimbo wa mwaka 1979 wa bendi ya dansi kama Sikinde, yaani Mlimani Park ya Dar, ambao kati ya hao 1,000 umesikilizwa na watu 4. Watu 4 hawatoshi kuuunganisha wimbo huo na chochote, kwa hiyo haupendekezwi. Na kwa kuwa haupendekezwi, mwakani bado watakuwa walewale 4. Zipo programu zinazochambua pia sauti yenyewe, yaani kasi ya mapigo, ala na namna ya uimbaji, lakini uzito mkubwa unabaki kwenye tabia za watu.

Spotify imekuwa ikitoa orodha ya nyimbo 30 kila Jumatatu tangu mwaka 2015, na wengi huichukua kama ndiyo safari yao ya kutafuta muziki. Nyimbo hizo zinaweza kuwa mpya kwako. Ugeni ni jambo jingine. Muziki mgeni ni ule ambao sikio bado halijajua lishike wapi, na huo hauji kwa kufuata watu wanaofanana na wewe.

Tatizo la kwanza ni subira. Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukifika sekunde 30, na kuruka wimbo mapema ni mojawapo ya dalili ambazo mitambo ya kupendekeza nyimbo huzisoma kama kukataa. Nyimbo za sasa zinalijua hilo: kiitikio kinaingia mapema, wakati mwingine ndicho kinachofungua. Dansi haikutengenezwa hivyo. Wimbo wa miaka ya 1970 na 1980 huanza taratibu. Magita yanajibizana, waimbaji wanasimulia kisa chote beti kwa beti, na baada ya hapo ndipo linakuja chemko: mwendo unapanda, maneno yanapungua, tarumbeta na saksafoni zinaingia, na kila gita linashika njia yake. Kwenye wimbo wa dakika 7 chemko linaweza kukukuta dakika ya nne. Aliyeruka sekunde ya 25 hajausikia wimbo huo, na mtambo umeshaandika kwamba haupendi.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kusikiliza mpaka mwisho, kwa kazi maalumu ya sikio. Dakika 2 za mwanzo fuata kisa, kwa sababu dansi nyingi ni masimulizi: ndoa, deni, kazi, msiba. Chemko likiingia acha maneno, tafuta gita la rithimu, lile linalorudia kitu kilekile bila kuchoka. Likikaa sikioni, sikiliza gita la solo linavyolizunguka. Mlimani Park wanafaa sana kwa zoezi hili, maana magita yao yamepangwa kiasi kwamba ukiondoa moja unasikia pengo. Nyimbo 3 kamili kwa njia hii zinafungua sikio kuliko nyimbo 40 zilizoonjwaonjwa.

Taarab ya zamani inadai subira hiyohiyo. Ala za nyuzi, yaani udi, kanuni na fidla, hupewa nafasi yao kabla mwimbaji hajafungua mdomo, na anayeruka huko mwanzoni anaruka nusu ya utamu.

Tatizo la pili ni majina, na kwa maoni yangu ndilo linaloumiza muziki wetu kuliko yote. Mtambo unamtambua msanii kwa jina lililoandikwa. Bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz ilibadilika jina kila jumuiya ya wafanyakazi iliyoimiliki ilipobadilika: ikawa JUWATA Jazz, baadaye OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Kwa mtu wa Dar hiyo ni bendi moja. Kwa programu ni wasanii 4 au zaidi wasiojuana, kila mmoja na wasikilizaji wake wachache. DDC Mlimani Park iko hivyohivyo: mara Mlimani Park Orchestra, mara Sikinde, mara Sikinde Ngoma ya Ukae. Mbaraka Mwinshehe ana ukurasa wa jina lake, wa Morogoro Jazz na wa Super Volcano, na tahajia ya jina lake hubadilika kila mtu anapopandisha faili. Idadi ambayo ingetosha kuuamsha mtambo imegawanyika vipandevipande.

Ongeza chanzo cha rekodi zenyewe. Bendi nyingi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, na watu wakanasa nyimbo redioni kwa kaseti. Kaseti hizo ndizo nyingi ya zilizopandishwa mtandaoni: jina la wimbo limekosewa, mwaka ulioandikwa ni wa kupandishwa na si wa kurekodiwa, na mara nyingine kaseti 1 nzima imekuwa video 1. Nyimbo 10 ndani yake hazina jina, kwa hiyo hazipendekezwi.

Dawa ni kutafuta kwa mtindo. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na jina hilo mara nyingi limeandikwa kwenye kichwa cha video kuliko jina sahihi la bendi. Andika Saboso upate Western Jazz ya zamani. Andika Segere Matata upate Tabora Jazz. Pambamoto ni Vijana Jazz, Ndekule ni Orchestra Safari Sound, Masika ni Super Volcano, Ogelea Piga Mbizi ni Maquis. Jaribu neno la mtindo peke yake, halafu neno hilo pamoja na RTD, halafu pamoja na mwaka. Majibu ya chini kabisa, yenye watazamaji wachache na picha ya kaseti, ndiyo ya kufungua kwanza.

Njia nyingine ni kumfuata mtu. Wanamuziki wa Dar walihamahama, na kila uhamisho ni daraja. Muhidin Maalim Gurumo alitoka JUWATA akaenda Mlimani Park bendi hiyo ilipoanza mwaka 1978, katikati ya miaka ya 1980 akahamia Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Ukifuata sauti yake peke yake umepita mitindo 3, na unasikia jinsi mwimbaji yuleyule anavyokaa tofauti kila magita yanapobadilika. Hassani Bitchuka ni daraja kati ya Msondo na Sikinde. Cosmas Chidumule anakutoa Sikinde na kukupeleka kwenye nyimbo za Injili. Uhusiano huu wote unajulikana na wapenzi wa dansi, na haupo kwenye data ya kusikiliza.

Kwenye singeli, muziki wa kasi wa mitaani Dar, kikwazo kinageuka. Huko nyimbo ni mpya na wasikilizaji wapo, lakini huanzia nje ya programu: kwenye WhatsApp, kwenye vigodoro, kwenye flashi ya bajaji. Zinapopandishwa huwa ni mchanganyiko wa DJ wa saa nzima, nyimbo 20 ndani ya faili 1. Isitoshe, mara nyingi mapigo yanapita 200 kwa dakika, na programu za kukadiria kasi zina kosa la kawaida la kusoma nusu yake, kwa hiyo singeli inaweza kuwekwa fungu moja na muziki wa mwendo wa kati. Hapa tafuta jina la DJ au studio badala ya wimbo, na fungua maelezo chini ya video kuona kama kuna aliyeandika majina na dakika zake.

Sasa mipangilio ya simu. Usijaribu kuufundisha tabia mpya mtambo uleule unaokuchezea nyimbo za kazini na katuni za watoto. Tenganisha. Kwenye Spotify washa usikilizaji wa faragha kabla ya kumpa mtoto simu, na orodha za kulalia au za sherehe ziondoe kwenye wasifu wa ladha yako kupitia vidoti 3 vya orodha yenyewe. Kwenye YouTube ingia mipangilio, simamisha historia ya kutazama na uifute. Ukurasa wa mwanzo utabaki mtupu, usishtuke, ndivyo ilivyowekwa tangu mwaka 2023. Huo utupu ndio unaotakiwa: kila utakachosikiliza utakuwa umekiandika mwenyewe.

Zima pia uchezaji wa kujiendesha. Ukiuacha baada ya nyimbo 2 au 3 za dansi, mara nyingi unatelezea kwenye rumba ya Kongo, na huko unabaki. Rumba ni tamu na bendi zetu zimechota mengi kwake, lakini ina wasikilizaji wengi duniani, na mtambo ukikosa uhakika hukimbilia penye watu wengi. Ulikuwa unaelekea Tabora, umeshushwa Kinshasa.

Halafu bando, maana kwa wengi ndilo uzio unaowazuia wasifike kwenye muziki mgeni. Mtu mwenye MB chache hachezei bahati nasibu, anarudi kwenye wimbo anaoujua. Hesabu ni rahisi. Ubora wa kilobiti 96 kwa sekunde unakula takriban MB 43 kwa saa, 160 unakula MB 72, na 320 unakula MB 144. Wimbo wa dakika 8 kwa ubora wa 96 haufiki MB 6. Video inakula mara nyingi zaidi, hivyo ukitumia YouTube shusha picha hadi kiwango cha chini kabisa. Ubora wa 24 unabana sana, takriban MB 11 kwa saa, ila rithimu na matoazi husikika kama vimezama majini. Usiihukumu bendi kwa sauti hiyo.

Ukipakua nyimbo kwa Wi-Fi, weka 20 tu, na angalau 8 ziwe za watu usiowafahamu. Kila mwezi futa nusu. Bila kufuta, nyimbo zilizopakuliwa ndizo zitakazochezwa kila siku kwenye daladala, na marudio hayo yanaimarisha uzio uleule.

Flashi iliyojazwa Kariakoo bado ina thamani kubwa, kwa sababu folda ya zilipendwa imepangwa na mtu asiyekujua. Ubaya wake ni kwamba faili huja na namba tupu. Programu za kutambua wimbo kwa kusikiliza mara nyingi hushindwa hapa: ama rekodi haimo kwenye hazina yao, ama kaseti ilinaswa ikienda haraka au polepole kidogo, na alama za sauti hazilingani tena. Badala yake chukua mstari 1 wa kiitikio, uandike kama unavyousikia ndani ya alama za kunukuu, utafute. Ukikosa, badilisha r na l, kisha jaribu maneno 3 tu ya mstari huo. Ukikosa tena, mchezee mzee wa kijiweni sekunde 20 za sehemu yenye sauti ya mwimbaji, si za chemko, umwulize vitu 3: anayeimba ni nani, mtindo gani, bendi ilikuwa inapiga ukumbi gani. Andika majibu kwenye jina la faili lenyewe, kwa mpangilio huohuo, kabla hujasikiliza wimbo unaofuata.