Kamera Yangu na Malori ya Kitonga

Wengi wanaopita barabara ya TANZAM, ile inayotoka Dar hadi Zambia, wakiwa na kamera huisubiri Mikumi wawapige picha tembo. Mimi husubiri malori, na safari hii binamu yangu alikubali kuendesha ili nipate mikono ya kupigia picha.

Kuanzia Chalinze unakutana na semi za Zambia na Kongo zikishuka kuelekea bandarini Dar. Zile za shaba huzijui mpaka uambiwe: trela refu, na juu yake mabunda machache ya mabamba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma. Mtu hudhani gari linakwenda karibu tupu, kumbe uzito wa mizani umeshatimia. Nilipiga moja jua likiwa bado chini, na ule wekundu wa shaba ukatoka vizuri sana.

Mikumi tulipita bila kusimama. Barabara inakatiza katikati ya hifadhi, pundamilia wanakula hatua chache kutoka kwenye lami, na kuna bango linaloorodhesha faini ya kila mnyama utakayemgonga.

Ruaha Mbuyuni ndipo tuliposimama kweli. Mibuyu imejaa mlimani pande zote, na chini yake vitunguu vyekundu, vingine vimetundikwa kwenye nyavu, vingine kwenye magunia ya lumbesa yenye kilemba kikubwa kuliko gunia lenyewe. Picha niipendayo hapo ni ya Fuso lililopakiwa magunia hayo mpaka likainama upande mmoja, huku vijana wakiendelea kurusha mengine juu.

Halafu Kitonga. Mlima huu unapanda kwa kona kali, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na malori yenye mzigo hupanda taratibu kiasi kwamba mtu anayatangulia kwa miguu. Tuliegesha chini kabisa, mahali penye nafasi, nikashuka. Semi moja ilipita na utingo akitembea sambamba na tairi za nyuma, mkononi ameshika gogo lililochongwa upande mmoja, akimwangalia dereva kwenye kioo. Gari likikosa nguvu na kuanza kurudi nyuma, yeye ndiye wa kulisukumiza gogo lile chini ya tairi. Viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa grisi. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka watu waione, kwa sababu abiria wa basi hulipita lori lile wakilalamika kwamba linawachelewesha. Mbele kidogo kulikuwa na matawi mabichi yamepangwa barabarani. Kila dereva anajua maana yake, kuna gari limeharibika mbele. Hilo sikulipiga. Mtu aliye chini ya gari lake bovu hapigwi picha.

Juu, Ilula, ni nchi ya nyanya. Pembeni ya matenga yaliyopangwa niliikuta Land Rover 109, mlango umefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi, bodi imebonyea kila mahali lakini haina kutu. Bodi hizo ni za aluminiamu. Land Rover zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na uhaba huo ndio umetuachia magari haya mashambani hadi leo. Kutu hukaa chini, kwenye chesisi.

Nilimwamkia mwenyewe, nikaomba ruhusa.

"Marahaba. Piga, ila usipige mlango," akasema. "Njoo huku mbele."

Akafungua boneti. Ndani kulikuwa na injini ya dizeli ya Toyota, imefungwa kwa vyuma vilivyochomelewa na fundi wa pale pale, safi kuliko gari zima. Akasimama kando yake, shati amelichomekea, akanipa namba nimrushie picha kabla sijaondoka.

Usiku tulilala Iringa. Safari ijayo ni Mafinga, kwenye malori ya mbao.