Moyo wangu na magofu ya Pate

Toka babangu afariki mwaka jana usiku silali, nakaa barazani hapa Mkomani simu mkononi mpaka adhana ya alfajiri. Ndo nkaichukua tenzi ya Al-Inkishafi, hii ambayo sisi watu wa Lamu tunaisikia toka utotoni lakini kusoma kwa kutulia ni wachache wetu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliitunga kama miaka 200 ilopita, na anasema na moyo wake mwenyewe, anauuliza mbona hauzinduki, kisha anaupeleka kwenye magofu ya mji wa Pate, kisiwa jirani na chetu, zile nyumba za matajiri zilokua zikiwaka taa sasa ndani mna popo, na vidaka vya ukutani vilokua vimepangwa sahani ndege wanalala. Jamani vidaka hivo kwetu vimo! Nliposoma hapo nkalia, na toka mazishi nlikua sijalia.

Nimesoma pia Marcus Aurelius, yule mfalme wa Roma alokufa mwaka 180, nae aliandika akijisemesha mwenyewe, kwa Kigiriki. Amenisaidia, ila yeye anataka utulie upesi sana, kifo ni jambo la maumbile basi. Sayyid anakuacha kwanza uulize wako wapi wale watu. Mimi nlihitaji kuuliza.

Sa hivi nasoma beti mbili tatu kwa sauti baada ya swala, na mamangu akiwa ndani utamsikia, "hebu rudia hapo mwanangu".