Antena ilijigeuza usiku, halafu bolti yangu ikaleta hasara kubwa zaidi

Mimi ni mtu wa redio ya ham, ile ya kuongea na watu wa mbali kama burudani, na usiku ule wa Aprili nilidhani bendi, yaani masafa ninayotumia, imekufa. Kontrola, kile kisanduku cha kugeuzia antena ukiwa ndani ya nyumba, ilikuwa inasoma digrii 335, hiyo ndiyo njia ya London ukipigia hapa Nairobi, na jioni kama hiyo kwa bendi ya mita 20 huwa Ulaya wamejaa mpaka ni wewe unachagua utaongea na nani. Nikaita nikaita, nikasikia watu wawili watatu wanaongea kwa mbali kama wako ndani ya debe. Nikazima redio nikaenda kulala nikilaumu jua na madoa yake.

Asubuhi natoka nje na mswaki mdomoni, naangalia juu, antena imegeuka inatazama njia ya Garissa. Rotata, ile mota inayozungusha antena, haijasonga hata kidogo, kontrola bado inasema 335, lakini mlingoti, lile bomba linalobeba antena, umezunguka ndani ya klampu ya rotata karibu robo ya duara, na kwa yagi, antena inayosikia upande mmoja, ukikosea kwa robo ya duara umewapa Ulaya ubavu, na ubavu ndio mahali antena hiyo ni kiziwi kabisa. Yaani hata ningekuwa nimeipotosha makusudi nisingepata pahali pabaya kuliko hapo.

Kwa wale hamnijui, niko Ruai, ploti ya futi fifti bai handredi, nyumba mbele na mnara nyuma. Leseni ninayo, zile zinaanza na 5Z4, na ya urefu wa mnara nilishughulika na KCAA, wale wa usalama wa ndege, kwanza kabla ya kuchimba shimo, usicheze na hiyo kitu ukiwa upande huu wa ndege. Mnara ni mita 12, na juu kuna yagi ya elementi tatu ya mita 20. Hizo elementi ni mabomba ya karibu mita 10 kila moja, na bumu, bomba la katikati linalozibeba, ni mita 5, na ikizunguka inachukua karibu upana wote wa ploti, nimebakisha kama mita moja na nusu kila upande na jirani mzee ashaniuliza mara mbili, "Kijana, hii mtambo yako inashika TV ya wapi?"

Ruai ni tambarare. Hakuna mlima, hakuna gorofa za kukata upepo, unatoka huko Athi na Kangundo Road ukikuja na nguvu zake zote. Siku nyingi ni wa mashariki, wa kawaida tu. Shida ni dakika kumi kabla ya mvua ya Aprili, ile saa wingu linakuwa jeusi, mabati ya watu yanaanza kulia, na mama anakimbia kutoa nguo kwa kamba. Na pia kuna vile vimbunga vya vumbi vya mwezi wa pili, watu wa Pwani wanaita chamchela, hivyo havisukumi, vinakamata kitu vinakinyonga.

Hesabu ya upepo ni moja tu ya kukumbuka: ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Huku kwetu hewa ni nyepesi kidogo kuliko Mombasa sababu ya mwinuko, lakini bado kwa kilomita 100 kwa saa kila mita mraba ya mabomba inasukumwa na kitu kama kilo 45. Kwa kilomita 50 ni kilo 11 hivi. Ndio maana antena inakaa miezi sita bila shida unaona umejenga vizuri, halafu jioni moja tu inakuonyesha.

Sasa mimi jambo la kwanza nililofanya ni kulaumu klampu, na klampu kweli ilikuwa na makosa. Hii niseme pole pole kwa sababu imeshika watu wengi hapa. Ukienda hardware ukaomba bomba la GI, yaani la chuma lililopakwa zinki, la inchi mbili, hiyo inchi mbili si kipimo cha nje. Nje ni milimita 60.3. Na la inchi moja na nusu nje ni 48.3. Klampu nyingi za rotata na za antena kutoka Marekani zimetengenezwa kwa inchi mbili ya nje kweli kweli, yaani 50.8. Kwa hivyo bomba moja haliingii na lingine linacheza, na ukikaza yu-boliti kwa nguvu zako zote unashika bomba kwa mistari miwili tu badala ya kulikumbatia. Mimi nilikuwa na la 48.3, klasi C, lile zito, nimekaza mpaka spana inapinda, na bado.

Kwanza nikaweka mpira wa tyubu ya baiskeli katikati nikidhani utashika. Usifanye hivyo. Mpira unabonyea, nati zinalegea, wiki mbili umerudi juu. Kilichosaidia ni kipande cha bati nililokunja nikazungushia bomba lijaze ile nafasi pande zote sawa, halafu nikakaza yu-boliti kwa zamu, nusu raundi hapa nusu raundi pale. Kujaza pande zote ni muhimu kwa sababu bomba likikaa upande mmoja wa klampu linakuwa halinyooki na beringi ya juu ya mnara, na hapo rotata inazunguka ikigugumia, pengine inakwama kabisa upande wa kaskazini na unadhani ni mota.

Hiyo beringi nayo isikazwe kama unafunga tairi la lori. Kazi yake ni kuzuia mlingoti usilale upande, basi. Wacha bolti zake ziguse bomba na uzifunge na nati ya pili.

Ilishika. Kwa mwezi mmoja. Mvua ya Mei ikageuza tena, digrii kama 40, tena upande ule ule wa mashariki, na hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nikamwita fundi na dril, akatoboa klampu na mlingoti kutoka upande mmoja mpaka mwingine, tukapitisha bolti nene. Haiwezi kuteleza tena hata malaika akiishika. Nikashuka nikijisifu, nikamnunulia fundi chai na mandazi.

Ikakaa kutoka Mei mpaka Novemba. Kipupwe cha Julai kikapita, hakuna upepo wa maana. Mvua za vuli zikaanza, jioni moja upepo ukaja kwa mikupuo, unapiga unaachilia, unapiga unaachilia, niko dirishani naona bumu inatikisika kushoto kulia kama mtu anakataa kitu. Kesho yake nabonyeza kontrola, mota inalia vizuri, sindano inasonga, juu hakuna kitu kinasonga, na antena yenyewe inayumba na upepo kama mlango usio na komeo. Meno ya gia yamenyolewa. Manne mazima na mengine nusu.

Ndio unaelewa sasa kilichotokea. Bolti yangu haikupunguza nguvu ya upepo hata gramu moja. Kazi ambayo klampu ilikuwa inafanya ikiteleza ni ya fyuzi, na mimi nikatoa fyuzi nikaweka msumari, vile watu wanafanya kwa sakiti za stima halafu nyumba inaungua. Kushusha rotata kukanigharimu Jumamosi mbili, gia kuchongwa upya kwa leithi huko Kirinyaga Road, na sitaki kusema pesa ngapi kwa sababu mke wangu anasoma hapa.

Kuna watu watanipinga na wana haki yao. Mwenye mnara wa kweli na rotata kubwa, na wale wanaotumia zile mota za kugeuza mapanga ya propela za ndege za vita za zamani, wao wanapiga pini na wanalala usingizi, kwa sababu gia yao ina nguvu kuliko kitu chochote kilicho juu yake. Hata zile rotata aina ya Ham IV zina breki ya kabari inayoingia kwa meno na kushika, mzigo hauendi wote kwa gia, ingawa hizo pia ukirudisha breki kabla antena haijasimama unaipiga rungu. Rotata yangu ni ya mtumba, ndogo, inashikilia kwa gia peke yake. Kwa hiyo size yangu, afadhali iteleze.

Lakini swali ambalo nilipaswa kuuliza tangu Aprili ni kwa nini kila mara inageukia mashariki. Si kaskazini, si Ngong. Mashariki, kule upepo unakotoka. Nilikuwa nimejenga kishale cha upepo, kile kitu kinachozunguka juu ya paa za shule za zamani, na nikashangaa kinafanya kazi yake.

Ilikuwa hivi. Wakati wa kupandisha, katikati ya bumu palikuwa pamekaliwa na elementi ya kati na baluni yake, kile kifaa kinachoiunganisha na waya wa redio, kwa hivyo ile sahani ya kufunga kwa mlingoti nikaisogeza mbele mpaka pahali antena ilipokuwa inalala sawa kwa uzito. Ikatoka mita 2.2 mbele na 2.8 nyuma. Kwa mizani safi kabisa, unaishika na mkono mmoja. Lakini upepo haujui uzito, unajua eneo. Upande wa nyuma una bomba refu zaidi, na tena liko mbali zaidi na mlingoti, na mimi usiku naiacha ikitazama Ulaya, karibu kaskazini, yaani bumu yote imempa upepo wa mashariki ubavu. Nikapiga hesabu: kwa kilomita 100, ile tofauti ya sentimita 60 inanyonga mlingoti kama kilo tatu na nusu zilizoning'inizwa kwa mkono wa mita moja. Si nyingi ukizisikia hivyo. Sasa zitingishe mara mia mbili kwa usiku mmoja, na antena nzima yenye mwendo wake ikizipokea.

Dawa yake ikawa kipande cha bomba la PVC la milimita 50, unene sawa na bumu, sentimita 60, lililobaki tulipoweka choo. Nikalichomeka mbele ya bumu kama pua, nikalipaka rangi jua lisilile. Halisikii redio, halina uzito wa kusumbua, na sasa upepo ukipiga ubavu unasukuma mita 2.8 huku na mita 2.8 kule. Jirani mzee akaniuliza kama nimeongeza chaneli.

Kuiacha ikitazama Ulaya sijabadilisha, na ukipiga hesabu ndio sawa. Elementi zangu tatu zikipokea upepo kwa uso ni karibu theluthi mbili ya mita mraba, bumu kwa ubavu ni robo. Kwa hivyo upepo wa mashariki ukikuja ni heri upate ncha za elementi na ubavu wa bumu, almradi bumu imesawazishwa. Antena ya mtu mwingine inaweza kuwa kinyume, pima mabomba yako mwenyewe.

Ile bolti nimetoa. Tundu nimeziba na mastiki maji yasiingie. Klampu nimekaza na bati lake, na nimepaka mstari wa rangi nyeupe kutoka klampu mpaka mlingoti, ukiangalia na darubini kutoka chini unajua kama imeteleza bila kupanda. Ndani ya elementi nimeingiza kamba, ile ya kawaida ya katani, kwa sababu hata upepo mdogo wa polepole unazifanya zitetemeke na hatimaye zinakatika hapo kwa kiungo. Koaksi, ule waya wa antena unaoshuka kwa redio, nayo iachiwe kitanzi kinachotosha kuzunguka duara zima, maana antena ikiteleza usiku haikuulizi kama waya unafika.

Stei za mnara, zile nyaya za kuushikilia, nilizikagua pia, hiyo ni stori ndefu ya siku nyingine, ila zile tanibako, skrubu za kukazia stei, zifunge na waya mwembamba zisijifungue, mtetemo unazifungua raundi kwa raundi na hutaona.

Mvua ya Aprili hii imepiga mara tatu za nguvu. Mara ya kwanza mstari mweupe ulikuwa sawa. Ya pili sawa. Ya tatu umeachana milimita chache tu, digrii kadhaa hivi, na nimeuacha hivyo hivyo, Jumapili nikipata mtu wa kushika kamba nitapanda kuurudisha.