Siku moja maishani mwangu: kijiti cheusi na msumari

Saa 11:30 alfajiri. Jiko la mkaa limeshashika, ila juu yake hakuna chai. Kuna sufuria kuukuu na vijiti vitatu vyeusi vinachemka. Nilivichomoa jana kwenye mawe mabovu ya redio niliyopewa na jirani yangu mvuvi hapa Ujiji. Mawe ya bei rahisi ndiyo yenye kijiti cha kaboni. Ya alkalini usihangaike kuyapasua. Maji ya moto yanatoa nta, msasa unamaliza kazi. Mume wangu anauliza kama leo tunakunywa kaboni.

Saa 1:00. Bajaji, vumbi, shule.

Saa 2:20. Stoo ya maabara. Leo nafundisha kemia, jinsi mmenyuko unavyotoa umeme. Elektrodi ya platinamu ya vitabuni, yaani kipande cha kupitishia elektroni, sijawahi kuishika, ndiyo maana ya vile vijiti. Fuwele za feri salfeti, chumvi ya chuma, ambazo hutakiwa kuwa kijani hafifu, zimeanza kuota umanjano kwa kukaa na hewa. Nachagua zilizo safi, nayeyusha, naongeza matone ya asidi ya salfa.

Saa 4:00. Kidato cha Sita, vipindi viwili mfululizo. Bika la kwanza lina kipande cha zinki ndani ya zinki salfeti. La pili lina aina mbili za ioni za chuma pamoja, Fe²⁺ (atomu iliyopoteza elektroni mbili) na Fe³⁺ (iliyopoteza tatu), zote zimeyeyuka. Sasa waya utaufunga wapi, wakati humo hamna metali? Hapo ndipo kijiti kinapoingia. Daraja la chumvi, la kuunganisha mabika mawili, ni karatasi ya chujio iliyoloweshwa potasiamu nitrati.

Voltimita: sifuri.

Kimya. Nakagua waya, nakagua klipu, jasho linanitoka. "Mwalimu, karatasi haijagusa maji huku." Kweli, ncha inaning'inia juu. Tunaishusha: volti 1.42. Kwa hesabu ni 0.77 ya upande wa Fe³⁺ kujumlisha 0.76 ya zinki, yaani 1.53, lakini hiyo ni kwa hali sanifu, yaani vipimo kamili vya vitabuni, na myeyusho wangu nimeupima kwa haraka.

Kijana wa nyuma: "Kwa nini tusiweke msumari? Si chuma kwa chuma?"

Kwa swali hili ningempa soda. Tukaweka msumari, namba ikaporomoka. Ioni mbili za Fe³⁺ zinaila atomu moja ya chuma, zinabaki Fe²⁺ tatu. Msumari umeingia mchezoni. Kijiti kinapitisha tu elektroni zilizotoka kwenye zinki, Fe³⁺ zinazichukua pale juu yake, chenyewe hakiliki wala hakinenepi. Na bado kila mtihani kuna anayeniandikia kwamba kaboni imeongezeka uzito!

"Kumbe ni kama gati," akasema binti mmoja. "Mizigo inapita, gati halisafiri." Somo linafundishwa kwa Kiingereza, lakini hiyo niliiandika ubaoni kwa Kiswahili.

Saa 8:00. Ugali, dagaa, kusahihisha.

Saa 12:30 jioni. Jirani anapita kuelekea ziwani, anauliza mawe yake yamefanya nini. Namwonyesha kijiti: hata ndani ya jiwe kazi yake ni ileile, zinki ni lile kopo la nje, na elektroni zinapokelewa na ule unga mweusi, manganizi dioksaidi. Kijiti kizima, kilichochoka ni zinki na unga.

"Basi nirudishie kijiti changu, Mwalimu."

Namwambia arudi na dagaa.