Koo na mabega

Neno la Bi Mkubwa la Jumanne bado limenikwama. Nilimwonyesha ukurasa wa mswada wa Rama Raksha, dua ya Kihindu ya kumwomba mungu Rama kinga, nikamwambia mnakili karuka mstari. Akacheka: "Si kakwambia mwenyewe usimlaumu? Wewe nani?"

Kweli kasema. Mwishoni mwa miswada mingi ya Kihindu mnakili huweka ubeti wake: nilivyokiona kitabu ndivyo nilivyoandika, kikiwa sawa au kina makosa, lawama isiwe yangu. Lakini hii ni dua ya kinga, deraya ya maneno. Kila kiungo hukabidhiwa sifa moja ya Rama: ulimi kwa hazina ya elimu, koo kwa anayeheshimiwa na ndugu yake Bharata, mabega kwa mwenye silaha za kimungu, mikono kwa aliyevunja upinde wa mungu Shiva.

Mtego ni neno la Kisanskriti patu, yaani "alinde". Ulimi unafunga kipande chake kwa patu, na mabega hivyo hivyo mstari wa chini. Jicho likatoka patu hii likatua patu ile, mkono ukaendelea na upinde. Koo na mabega yakabaki wazi! Na ukighani husikii kasoro, kwa sababu mstari uliozaliwa una mizani 8 kwa 8, kama shairi letu. Kinachoumbua ni hesabu: ubeti huu hutaka mizani 32, hapa namba ya ubeti imewekwa baada ya 16.

Angegundua, angetia juu ya mstari ile alama ya unyayo wa kunguru, kilichosahaulika akakiandika pembezoni. Kosa la herufi hupakwa hartali, rangi ya njano yenye aseniki, likaandikwa upya juu yake. Pembezoni peupe.

"Wewe nani?" Nimelijibu bafuni, nimelijibu kwenye daladala, hata siku tuliyomtoa Baba hospitali.

Jana nikafika karatasi ya mwisho. Kitabu chenyewe kinaomba: nilinde na mafuta, nilinde na maji, nilinde na kamba iliyolegea, wala usinitie mkononi mwa mjinga. Chini yake mnakili: mgongo, kiuno na shingo vimevunjika, macho yamekakamaa, uso umeinama, basi kitunzeni.

Shingo! Nikacheka peke yangu. Kwenye fomu nimeandika tu "nusu ubeti imerukwa, patu hadi patu", neno kosa nimelifuta.

Gesi nayo inaelekea kuisha, na wageni wa Salma ni Jumapili.