Panga programu zako kabla bando na umeme havijakatika

Laptopu ya Windows ikishika hotspoti ya simu, mara nyingi huichukulia kama Wi-Fi nyingine yoyote. Inaanza kupakua masasisho, OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) inapakia picha za mwaka juzi, na bando la GB 2 la asubuhi linakwisha kazi yenyewe haijaanza. Ndiyo maana anayefanyia kazi nyumbani kwa bando, tena kwa umeme unaokatika bila taarifa, asikimbilie kuongeza programu mpya. Azipange kwanza alizonazo, ziweze kuendelea saa mbili tatu bila mtandao na bila umeme.

Anza na hiyo hotspoti. Fungua Settings, ingia "Network & internet", kisha Wi-Fi, bonyeza sifa za mtandao ulioushika na uwashe "Metered connection", yaani mtandao wa kutumiwa kwa kipimo. Masasisho mengi yatasubiri, na OneDrive itasimama yenyewe. Ukitumia Dropbox au Google Drive ya kwenye kompyuta, zisimamishe kwa mkono kupitia ikoni zake. Mpangilio huu wa Windows hushikamana na jina la mtandao: ukibadilisha simu, au ukiipa hotspoti jina jipya, inabidi uuwashe tena. Hapo ndipo wengi wanapoliwa bando wakidhani walishamaliza kazi hiyo. Hata hivyo usiyaache masasisho ya usalama kwa miezi. Ukipata Wi-Fi isiyo na kikomo mahali unapopaamini, iache laptopu iyapakue yote.

Mlaji mkubwa wa pili ni mikutano. Kwa viwango vinavyotolewa na Zoom yenyewe, sauti peke yake hutumia kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, video ya kawaida ya watu wawili kilobiti 600, na ile ya 720p megabiti 1.2. Piga hesabu, ukikumbuka biti nane ni baiti moja. Kilobiti 80 kwa sekunde ni MB 36 kwa saa, na kwa kuwa data inakwenda na kurudi, ni MB 72. Video ya kawaida inafika MB 540. Ya 720p inapita GB 1 kwa saa moja ya mazungumzo.

Kuzima kamera yako peke yake hakutoshi, maana bado unapokea nyuso za wengine wote. Katika menyu za mkutano tafuta "Stop incoming video", na kwenye mipangilio ya video ondoa alama ya HD. Kushirikisha skrini bila video hutumia kilobiti 50 hadi 75 tu kwa sekunde, kwa hiyo kumwonyesha bosi jedwali lako ni nafuu mno kuliko kumwonyesha uso. Mwambie mapema kwamba utakuwa kwa sauti. Ni jambo la kawaida, na kikao kisichokatikakatika kina faida kwenu nyote.

Sasa mafaili, na hapa nasisitiza kuliko kwingine kote: kazi ikae kwanza kwenye mashine yako, ndipo ipelekwe mtandaoni. Anayetumia Google Docs afungue Drive kwa Chrome au Edge, abonyeze alama ya gia, aingie mipangilio na kuweka tiki kwenye "Offline". Kisha abofye kwa kitufe cha kulia kila faili analolihitaji wiki hiyo, na kulifanya lipatikane bila mtandao. Mambo matatu huharibu mpango huu. La kwanza, kuwasha "Offline" wakati mtandao umeshakatika. Haiwezekani, kwa sababu faili lenyewe halijashushwa bado. La pili, kufungua kivinjari kwa dirisha la faragha au kwa akaunti nyingine. La tatu ndilo baya zaidi: kufuta data za kivinjari ili kupunguza mzigo kabla mabadiliko hayajapanda mtandaoni. Uliyoyaandika nje ya mtandao yalikuwa humo humo, na yanafutika pamoja.

Jaribu leo, si siku ya dharura. Zima Wi-Fi, fungua faili, andika sentensi moja, funga kivinjari, ukifungue tena. Sentensi ikiwepo, uko tayari.

Kwa Word, kile kiswichi cha AutoSave hufanya kazi kwa faili lililo OneDrive au SharePoint tu. Faili lililo kwenye diski yako linategemea AutoRecover, ambayo kwa kawaida hutunza nakala ya dharura kila dakika 10. Ingia File, Options, Save, ufanye dakika 2. Na bado bonyeza Ctrl+S kila aya inapokwisha.

Mwenye kompyuta mbili nyumbani aangalie Syncthing, ni programu ya bure. Kompyuta zikiwa kwenye rauta moja, mafaili huhama moja kwa moja kati yake, na bando haliguswi isipokuwa kwa kiasi kidogo sana cha kutafutana. Ukilihariri faili lile lile pande zote mbili kabla hazijaonana, utaona nakala yenye maneno "sync-conflict" katika jina lake. Zilinganishe kwanza kabla ya kufuta hata moja. Ukifuta faili upande huu, na upande wa pili linafutika, kwa hiyo washa utunzaji wa matoleo ya zamani katika mipangilio ya folda. Orodha ya kazi za siku haihitaji programu ya kulipia. Faili moja la maandishi ndani ya folda hiyo linatosha.

Imebaki betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayotengenezwa. Linganisha "Design capacity" na "Full charge capacity". Ya pili ikiwa nusu ya ya kwanza, hesabu nusu ya saa ulizozizoea laptopu ilipokuwa mpya. Betri iliyochoka hudanganya pia: inaonyesha asilimia 12, mara skrini imezima. Katika Power Options, mipangilio ya ndani, pandisha "Critical battery level" hadi asilimia 15 na kwenye "Critical battery action" uchague "Hibernate" badala ya "Sleep". Sleep huiacha kazi kwenye memori inayohitaji umeme. Hibernate huiandika kwenye diski, na umeme ukirudi unakuta kila dirisha pale pale ulipoliacha.