Nilivyompeleka Mama kuona majani ya White Mountains

Mama alikuwa ameshakaa kwangu wiki saba hapa Lowell, Massachusetts, na sehemu kubwa ya Marekani aliyoiona ilikuwa maegesho ya magari chini ya dirisha letu. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku. Nikirudi asubuhi nalala, naye anatembea kwa kunyata asiniamshe. Siku moja niliamka saa nane mchana nikamkuta kwenye kiti, kanga mabegani, anautazama mti mmoja ng'ambo ya barabara ulioanza kuwa mwekundu. Akaniuliza, "Mwanangu, ule mti unaumwa?"

Palepale niliamua kwamba kabla hajaondoka atakwenda milimani, New Hampshire, aone miti hiyo ikiwa maelfu. Magoti yake hayapandi tena mlima, kwa hiyo nilitaka mlima unaoonekana mtu akiwa garini. Kazini kila niliyemuuliza alinitajia barabara moja: Kancamagus, namba 112, kutoka Lincoln hadi Conway. Ni maili 34.5, kama kilomita 55, ndani ya msitu wa taifa wa White Mountain. Jina ni la kiongozi wa Wapennacook, wenyeji wa nchi ile, wa karne ya 17.

Mara ya kwanza nilikosea siku. Tulitoka Jumamosi, na Jumatatu yake ilikuwa sikukuu, ile Jumatatu ya pili ya Oktoba. Kumbe ndiyo wikiendi ambayo watu wa New England yote hutoka kwenda kuangalia majani. Kuingia Lincoln magari yalikuwa yamesimama bumpa kwa bumpa. Tulikaa kwenye foleni zaidi ya saa nzima, Mama anataka kujisaidia na hakuna pa kuegesha. Aliponiambia kwa sauti ya chini, "Turudi tu mama, nimeshaona," niligeuza gari. Hakuwa ameona kitu. Njia nzima ya kurudi tulinyamaza, na usiku ule kazini nililia.

Siku ya pili yake nikabadilishana zamu na mwenzangu, nikapata Jumatano. Anayetaka kwenda na mzazi namshauri achukue siku ya katikati ya wiki, hata kama itambidi adaiwe zamu mbili. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Kutoka Lowell hadi Lincoln ni kama saa mbili kwa barabara kuu ya 93, na jua lilituchomozea tukiwa karibu na milima. Nilijaza tangi Lincoln kwa sababu kutoka hapo hadi Conway hakuna kituo cha mafuta hata kimoja. Ramani nilikuwa nimeihifadhi kwenye simu tangu nyumbani, maana ukishaingia msituni mtandao unapotea. Nyuma kulikuwa na chupa ya chai ya tangawizi, maandazi, viazi vya kuchemsha na blanketi. Baadhi ya maegesho wanatoza dola 5 kwa siku, unaweka pesa kwenye bahasha palepale, kwa hiyo nilibeba noti ndogondogo.

Ila kilichokuwa kinaninyima usingizi ni kushuka. Nilijifunza kuendesha Massachusetts, kwenye tambarare na taa za barabarani, na sikuwahi kuteremka mlima nikiwa na usukani mimi mwenyewe. Nimekulia Lushoto, milimani kule Tanzania. Barabara ya kutoka Mombo kupitia Soni naijua kona kwa kona, lakini naijua nikiwa abiria. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori la mboga, na neno lake lilikuwa moja: mlima unaushuka kwa gia uliyoupandia. Ukikalia breki, zinachemka, na zikichemka hazishiki. Gari langu ni otomatiki, nikadhani hilo halinihusu. Mama ndiye aliyeniuliza tukiwa bado Lincoln, "Hii yako haina gia ndogo?" Nikaangalia. Chini ya herufi D ilikuwepo L, ambayo kwa miaka sita sikuwahi kuigusa.

Kutoka Lincoln barabara inapanda kandokando ya mto, kisha inapiga kona moja kali inayojirudia yenyewe, kama zile za Soni. Juu ya kona hiyo kuna mahali pa kusimama. Tukashuka. Sijui niielezeje ile rangi. Mabonde yote yalikuwa mekundu, ya machungwa, ya njano kama binzari, na katikati misonobari imebaki na kijani chake cheusi, ndiyo maana wekundu ulikuwa unaonekana kama umewashwa. Mama alisimama ameshika mlango wa gari. Alisema "Subhanallah" mara tatu, kisha akanyamaza muda mrefu.

Baadaye akaokota jani. Lilikuwa la mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Kingo zilikuwa nyekundu kabisa, katikati njano, na kwenye mishipa kijani kilikuwa kimebaki kama uzi. Mama alifundisha shule ya msingi miaka 34 na hajaacha kuwa mwalimu. Alitaka kujua sababu. Nilikuwa nimesoma kidogo, nikamweleza. Siku zikianza kuwa fupi mti unaacha kutengeneza umbijani, na kile kijani kikiisha unaiona njano iliyokuwa ndani tangu mwanzo. Nyekundu ni tofauti, inatengenezwa wakati huohuo: mti unaziba kikonyo cha jani, sukari inabaki ndani, na mchana wa jua ukifuatwa na usiku wa baridi isiyogandisha, sukari ile inakuwa wekundu.

Akafikiri. Akasema, "Tabora nimeyaona haya." Mwanzoni mwa kazi alipangiwa shule huko, na misitu ya miombo, wiki chache kabla ya mvua, hutoa majani mekundu mlima mzima. "Ila kule ni majani machanga, ndiyo yanazaliwa. Huku yanakufa kwa rangi ileile." Nimeishi na vuli ya nchi hii, majira ya majani kupukutika, miaka kumi na moja, na hakuna aliyewahi kunionyesha hilo.

Kileleni, mahali panapoitwa Kancamagus Pass, ni mita 870 hivi, chini hata ya Lushoto mjini. Kutoka hapo ni kushuka kuelekea mashariki, na asubuhi jua liko usoni mwako. Hili sikuwa nimelipanga. Kila nikitoka kwenye kivuli cha miti kioo kinakuwa cheupe. Niliweka L, injini ikanguruma, gari likajizuia lenyewe, mguu wangu ukawa unaigusa breki kwenye kona tu. Kuna dereva alinikaribia sana kwa nyuma. Nikatafuta mahali papana, nikampisha. Mikono ilikuwa imelowa jasho. Mama hakusema neno, ila niliona ameacha kushika mshikio wa juu ya mlango.

Tuliposimama Sabbaday, penye vyoo na maporomoko madogo, alishuka kabla yangu. Akaenda hadi gurudumu la mbele, akainama kwa shida, akasogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Hivyo ndivyo baba alivyokuwa akifanya kila anapofika Mombo. "Hazijachemka," akasema. Nikageuka pembeni kufuta macho.

Maporomoko hatukuyafikia, njia ina ngazi. Tulikunywa chai kwenye benchi, halafu tukaufuata Mto Swift polepole hadi Conway, tukisimama kila alipotaka.

Kurudi nilichagua barabara ya 302, kupitia Crawford Notch, ambako milima inabana barabara pande zote mbili. Ukitoka hapo uwanda unafunguka, na mbele ya Mlima Washington kuna hoteli kubwa nyeupe yenye paa jekundu. Nikamwambia Mama pale panaitwa Bretton Woods. Mwezi Julai 1944 wajumbe wa nchi 44 walikaa kwenye hoteli ile, wakatoka na Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia.

Akaniomba nisimamishe gari. Alitazama kwa muda. Akanieleza mambo ambayo nilikuwa mdogo sana kuyajua: makubaliano ya Tanzania ya 1986 na Shirika hilo la Fedha, mshahara wa mwalimu uliokuwa hautoshi hata sukari, na miaka ya 1990 ada iliporudi shule za msingi. "Orodha ya watoto wa kurudishwa nyumbani nilikuwa naishika mimi. Naisoma darasani, mtoto mmoja mmoja anatoka." Akataja majina matatu. Anayakumbuka hadi leo. Upepo ulikuwa mkali, nikamfunika blanketi, naye akaendelea kuisimulia, na mimi sikuwa na haraka ya kuondoka.

Tulifika Lowell giza limeshaingia. Alimpigia shangazi simu Lushoto, ingawa huko ilikuwa karibu saa tisa usiku, akamwamsha. Nilimsikia kutoka jikoni: "Barabara yao ni kama yetu ya Soni. Mtoto ameishuka kwa gia, kama baba yake."